Inverta mgongoni mwa mota: ikiungua tunaambiwa tutupe vyote viwili?!

Wakuu hili limenichosha, naomba tuliongee wazi. Hizi mota zinazokuja na inverta (kile kifaa cha kubadili spidi ya mota) imefungwa hukohuko juu yake, zinanadiwa eti hazili nafasi, hazitaki paneli, kebo fupi. Sipingi, kebo ndefu kati ya inverta na mota kweli inaleta mapigo ya volteji yanayotafuna insulesheni ya koili, na pampu ya maji ya kawaida ukiishusha spidi mpaka 80% inakula karibu nusu ya umeme tu. Hayo kila fundi anayajua. Kinachoniudhi ni JOTO.

Kapasita za elektrolaiti, vile vikopo vya kutunza chaji ndani ya inverta, joto likipanda nyuzi 10 maisha yake yanakatika nusu, siyo siri hiyo, sasa unaichukuaje unaipandisha juu ya mota ambayo ikiwa kazini huwezi hata kuishika kwa mkono? Halafu feni yenyewe ipo kwenye shafti ya mota! Yaani nikipunguza spidi, na ndiyo sababu ya kununua inverta, feni nayo inazunguka polepole, upepo hakuna, na kama ni konveya (mkanda wa kubeba mizigo) torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inabaki ileile kwa hiyo ampia hazishuki na joto linapanda moja kwa moja kwenye bodi ya inverta. Kwenye datashiti wameandika kwa herufi za sisimizi kwamba juu ya nyuzi 40 upunguze mzigo, ila kwa spidi ndogo upunguze kiasi gani hawasemi.

Nimefungua moja iliyokufa. Kapasita mbili zimevimba vichwa, zinaonekana kabisa, lakini miguu yake imezama kwenye rezini nyeusi ngumu kama jiwe, hufiki kwenye risasi ya kulehemu mpaka upasue bodi. Mota nimeipima, koili zote tatu omu sawa, nimepiga mega (kipimo cha insulesheni) iko safi, beringi kimya. Mzima kabisa huyu! Aliyetuuzia anajibu "badilisha yote". Kwa nini??

Wekeni feni inayojitegemea, wekeni bodi inayotoka kwa skrubu, uzeni na hiyo bodi peke yake. Siyo mambo ya ajabu hayo.

Kama kuna mdau aliyeng'oa inverta ya namna hii akaendesha mota hiyohiyo kwa inverta ya ukutani aseme alifanyaje, hasa zile mota zenye sumaku ya kudumu kwenye rota, maana inverta inataka data za mota na hawa jamaa wamegoma kuzitoa.