Mama anasahau majina: ni umri tu au kuna tatizo?

Mwanzisha mada:
Habari zenu wakuu. Mama ametimiza miaka 71. Mambo ya utotoni anayasimulia hadi rangi ya gauni alilovaa, lakini jina la mkwewe linampiga chenga mbele ya wageni. Atataja wanawe wote, atakwama, halafu baadaye akiwa anaosha vyombo utamsikia analiita kwa sauti kutoka jikoni. Tunacheka, ila siku hizi ameanza kukaa kimya watu wakiongea. Nifanyeje?

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Jina likirudi lenyewe, basi halijapotea. Ubongo wa mzee unachelewa tu kulifikia. Majina ya watu ndiyo husumbua kwanza, maana hayabebi maana ya kuyashikilia.

Kilichonishtua mimi ni huo ukimya. Mpeleke akapimwe masikio. Asiyesikia vizuri anatumia nguvu zote kukisia kilichosemwa, cha kukumbuka kitabaki kipi? Kisha kusanya dawa zake zote, hata zile za mafua na usingizi za kununua dukani, umwonyeshe daktari. Zenye diphenhydramine, kiambato kinacholeta usingizi, huwachanganya sana wazee, na wengi hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kama dawa. Omba pia apimwe vitamini B12 na tezi ya shingo. Kasoro za hivyo viwili huvuruga kumbukumbu, na zikigundulika zinatibika.

Na tafadhali, msimmalizie sentensi. Mkae mngoje.

Mdau wa tatu:
Mimi ningeogopa akipotea njia anayoipita kila siku, au akiuliza jambo lilelile bila kujua kwamba ameshajibiwa.

Nesi Mstaafu:
Hapo umesema. Hilo halingoji, ni kwenda hospitali moja kwa moja.

Mazoezi nayo msiyadharau. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wazee 120: waliotembea kwa mwaka mzima, dakika 40 mara tatu kwa wiki, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya iliongezeka kama asilimia 2. Wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, ilipungua. Michezo ya kwenye simu siipingi, lakini mara nyingi humfanya mtu kuwa hodari wa mchezo huohuo.

Mwanzisha mada:
Asante sana mama. Nimepekua mkoba wake, vidonge vya usingizi vimo na hakuwahi kututajia. Masikio anapimwa Alhamisi.