MJADALA: Je, Paul Allen ni mfano wa kuigwa na mwenye akiba ndogo?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Sisi Watanzania na Wakenya tunaoishi huku Marekani tuna chama chetu cha akiba. Juzi kijana mmoja alitoa hoja kwamba theluthi ya fedha zetu ikanunue hisa za kampuni za anga. Mfano wake alikuwa Paul Allen, mwenzake Bill Gates katika kuanzisha Microsoft mwaka 1975. "Allen aliona mbali, na sisi tuone mbali." Tulibishana mpaka saa sita usiku.

Mimi namheshimu Allen. Alitoa zaidi ya dola milioni 20 zake mwenyewe ili mbunifu wa ndege Burt Rutan aunde SpaceShipOne, chombo kidogo cha anga kilichobebwa na ndege hadi kilomita 14 hivi, kikaachiwa, kisha kikawasha injini yake ya roketi, iliyochoma mpira kwa msaada wa gesi. Tarehe 21 Juni 2004 rubani Mike Melvill alivuka kilomita 100, pale anga za juu zinapohesabiwa kuanza, juu ya jangwa la Mojave kule California. Kule juu alifungua pakiti ya peremende za M&M's, zikaelea mbele ya uso wake. Oktoba 4 mwaka huohuo chombo kilishinda Ansari X Prize, tuzo ya dola milioni 10 kwa vyombo vya anga vya binafsi.

Kwa hesabu ya dukani, tuzo haikurudisha gharama. Lakini Allen alikuwa na uwezo wa kupoteza. Baadaye aliunda ndege yenye mabawa ya mita 117 ya kurushia roketi, akafariki Oktoba 2018 kabla haijaruka. Iliruka Aprili 2019, na mwaka huohuo kampuni yake ya ndege hiyo ikauzwa. Familia yake haikulala njaa. Sisi tukipoteza, kuna watoto watakosa ada.

Na kuna upande ambao kijana hakuusema. Teknolojia ya SpaceShipOne ilipewa kwa leseni Virgin Galactic, kampuni ya tajiri Richard Branson ya kupeleka watalii anga za juu. Mwaka 2019 Virgin ikaingia soko la hisa New York kwa kuunganishwa na kampuni tupu ya mwekezaji Chamath Palihapitiya, isiyo na biashara yake, iliyoanzishwa ili kuingiza kampuni nyingine sokoni. Februari 2021 hisa moja ilipita dola 60. Machi, Chamath akauza hisa zake binafsi kwa zaidi ya dola milioni 200. Ni halali, sibishi. Ila safari za kibiashara zilianza Juni 2023, na kufikia Juni 2024 hisa ilikuwa chini ya dola moja, ikabidi hisa 20 ziunganishwe kuwa moja. Nani alinunua kwa dola 60? Watu kama sisi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umechagua kampuni iliyoanguka. Mbona huisemi SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk? Agosti 2008 roketi yake ya Falcon 1 ilishindwa kwa mara ya tatu, na mwaka huohuo mfuko wa uwekezaji wa Founders Fund ukaweka dola milioni 20. Septemba 28 roketi ya nne ikafika kwenye mzingo wa dunia. Woga haujawahi kumtajirisha mtu.

Mchangiaji wa pili, Malindi:
Ndugu, malizia hadithi. Desemba 2008 NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga. Ni kodi za wananchi hizo. Mwekezaji alithubutu, sawa, lakini serikali ndiyo iliyokuwa mteja. Mimi nimekulia huku Ngomeni. Nguzo za San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, tunaziona baharini. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, kwa fedha za umma za Marekani na ushirikiano wa Waitaliano. Hata Taifa-1, setilaiti yetu Wakenya ya 2023, iliyopanda roketi ya SpaceX ya Falcon 9, ililipiwa na serikali. Ukitaka kujua kampuni ya anga itasimama, uliza mteja wake ni nani na amesaini nini.

Mchangiaji wa tatu:
Kaka zangu, mnazungumzia fedha tu. Julai 2007 mlipuko wa majaribio kule Mojave uliua wafanyakazi watatu wa kampuni ya Rutan. Oktoba 2014 rubani msaidizi Michael Alsbury alifia kwenye chombo cha Virgin. Anayesema "tuthubutu" aeleze ni nani anayethubutu kwa mwili wake.

Mleta mada:
Dada, hilo umelisema vizuri, na nakiri sikuligusa kwenye hoja yangu. Nitalisoma mbele ya chama.

Mkuu wa kwanza, SpaceX ni mfano mzuri, lakini mwaka 2008 hisa zake hazikuwa sokoni. Hata tungekuwa na ujasiri wa simba, mlango ule haukuwa wetu. Hilo ndilo linaloniuma: mara nyingi sisi wadogo tunakaribishwa pale wa mwanzo wanapotaka kutoka, na tunauziwa kwa bei yao ya kutokea.

Jumamosi tunapiga kura, nami nitapinga hiyo theluthi. Nimempigia simu kijana na kumwomba, kwa kumfuata ndugu wa Malindi, aje na jina la kampuni moja, mikataba iliyosainiwa na madeni inayodaiwa. Akivileta, nitakuwa wa kwanza kukubali tuanze na kiasi kidogo ambacho hakitagusa ada ya mtoto wa mtu.