Treni ya mjini Dar: toka 2012 mpaka leo ni asubuhi na jioni tu, kwanini?

Wakuu habari zenu, hili jambo nimelivumilia sana leo acha niliseme tu.

Tukumbushane kidogo. Oktoba 2012, Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza treni mbili za abiria wa mjini, moja Stesheni mpaka Ubungo Maziwa na nyingine kwenye reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, mpaka Mwakanga. Kipindi hicho mabasi ya mwendokasi hata hayajaanza, foleni ndo usiseme, watu wakafurahi mpaka wakaibatiza treni ya Mwakyembe. Mabehewa yalikuwa ya zamani yaliyofufuliwa, na ile ya Ubungo inapita njia ambayo Mjerumani alianza kuijenga 1905, lakini nani angelalamika wakati ndo kwanza tunaanza? 2016 ikaja ya Pugu. Haya, halafu?

Halafu basi! Treni ya asubuhi ikishapita subiri alasiri. Yaani waliopanga hii ratiba wanadhani Dar nzima inaingia ofisini saa mbili na kutoka saa tisa na nusu. Mama ntilie aliyemaliza kuuza Kariakoo saa saba mchana anarudije Gongo la Mboto? Juzi kwenye daladala namwona mmoja na masufuria yake mawili, konda anamwambia lipia na sufuria siti yake, mama anahesabu chenji kwenye kanga, abiria wengine wanamfokea awahishe, na reli iko pale pale pembeni haina kitu. Na anayetoka shifti saa nne usiku je, huyo sio mkazi wa huu mji?

Mtasema reli ni ya njia moja, treni lazima zipishane stesheni na kuna mizigo ya bara nayo inataka kupita. Ndio, ni kweli, ila hiyo sababu ilikuwepo 2012, sasa miaka yote hii njia ya pili imeshindikana nini? Tena reli zenyewe mbili hazisaidiani, ya kati (ile ya Ubungo na Pugu) upana wake mita 1, TAZARA milimita 1,067, behewa la huku haliwezi kwenda kule, kwa hiyo kila upande unahangaika kivyake na mabehewa yake machache.

SGR, hii reli mpya ya kisasa, naifurahia sana, 2024 imeanza mpaka Dodoma na watu wanafika kwa masaa machache. Lakini wanaokwenda Dodoma kila siku ni wangapi ukilinganisha na wanaotoka Pugu, Gongo la Mboto na Tabata kila alfajiri? Pesa ya kilomita mia nne na kitu ilipatikana, ya kupishanisha treni hapa mjini ndo ikosekane?

Tunataka treni za mchana na za usiku, na tutajiwe mwaka ambao njia ya pili itaanza kujengwa. Wadau mnaopanda hii treni semeni na nyie, na kama kuna mhusika humu aje atujibu kwa tarehe, habari ya mchakato unaendelea tumeichoka.