Elimu ya saratani ya ngozi kwa watu wa mjengo, nianzie wapi?

chp_mukuru: Habarini wadau, mimi ni promota wa afya ya jamii huku Mukuru. Nimesoma vile Marekani wanafunza Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini kama Meksiko, wa mashambani na wa mjengo kuhusu saratani ya ngozi, wanatumia promotores, yaani majirani waliopewa mafunzo, wanaongea nao Kihispania hadi na familia, juu Walatino wengi melanoma yao (ile aina hatari ya saratani ya ngozi) hugunduliwa imechelewa kuliko ya wazungu. Nataka kufanya hivyo hapa lakini nikitaja jua tu vijana wananiambia hiyo ni ugonjwa ya wazungu. Niwaambie nini?

nesi_kayole: Dada usianze na losheni ya kukinga jua. Kwa ngozi nyeusi melanoma hutokea sana kwa nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali jua hata halifiki. Bob Marley ilimwanzia kwa kidole cha mguu, ilidhaniwa ni jeraha la mpira, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Wakivua gambuti jioni waangalie nyayo: doa linalokua, mstari mweusi kwa ukucha unaozidi kupanuka, kidonda kimekataa kupona, waende kliniki. Walatino weusi ni hivyo hivyo, ila kuna wengine weupe kabisa na hao jua linawaumiza kweli.

fundi_wa_mawe: Losheni hakuna mtu wa mkono atanunua, pesa ya siku ni ya unga na fare. Shati ya mikono mirefu tunavaa, ya mitumba, na leso chini ya helmeti inafunika shingo. Ukija asubuhi foremani atakufukuza, kuja saa saba tukikula kwa kibanda, na uongee na mama wa chakula kwanza, yeye akisema kitu watu husikiza.

nuru_254: Naomba msitusahau sisi wenye ualbino, kwetu jua ndio adui namba moja. Ukijisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kuna losheni ya bure. Kofia iwe ya ukingo mpana, kepu inaacha masikio na shingo wazi. Na mawingu ya Julai yasiwadanganye, Nairobi iko karibu na ikweta na iko juu, jua la saa nne hadi saa kumi ni kali. Kama kuna mwenzetu hapo saiti, foremani ampe kazi ya kivulini hizo masaa.

chp_mukuru: Asanteni sana, nitaanza na mama wa kibanda. Nesi, uko na picha za nyayo za mtu mweusi? Zote napata ni za ngozi nyeupe, na nikiwaonyesha hizo tutarudi pale pale.