PhD ya hisabati: Marekani miaka mitano, au sandwichi ya Uswidi na nyumbani?

Kokotoa_Moro: Wakuu, nisaidieni kuamua. Nafundisha hisabati chuo kimoja hapa nchini, uzamili ninao, mtoto wangu ana miaka miwili. Nimepata nafasi mbili. Ya kwanza Marekani: ada wanafuta, posho napata kwa kuwafundisha kalkulasi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, miaka mitano hivi. Ya pili ni sandwichi: miezi kadhaa Uswidi, miezi kadhaa nyumbani, miaka minne, na ajira yangu inabaki. Ipi inamjenga mtu zaidi kihisabati?

Mzee wa Epsiloni: Marekani, usijiulize mara mbili. Unaanza na masomo darasani: aljebra, uchanganuzi, topolojia, halafu mitihani ya kufuzu. Ukianguka mara mbili, vyuo vingi wanakupa uzamili na kukuaga. Ni kali, ila ukitoka hapo una msingi. Sandwichi ni nusu mkate. Mtu anarudi na makala nne juu ya mlinganyo mmoja, ukimuuliza kitu nje ya hapo anatazama dari.

Binti Laplace: Nusu mkate? Mimi nimesoma sandwichi, na hili limeniuma. Mwaka wa pili uthibitisho wangu ulivunjika: nilipitisha kikomo ndani ya integrali bila kuhakikisha kuwa inaruhusiwa. Msimamizi wa kule aliuzungushia mstari ule duara kwa penseli, akanirudishia bila neno. Wiki sita nilikaa na ukurasa huo. Mabibo umeme ukikatika naandika kwa tochi ya simu, mwanangu kalala mapajani. Na Uswidi tasnifu inatetewa hadharani, analetwa mtaalamu wa chuo kingine kukupinga mbele ya watu. Sikutazama dari.

Kishikwambi: Hongera dada. Ila ukiwa Uswidi mtoto alikuwa kwa nani? Mama hapaswi kuacha mtoto mdogo kwa ajili ya vyeti.

Binti Laplace: Kwa bibi yake, Moshi. Kundi letu lilikuwa na wanaume watatu wenye watoto wadogo kuliko wangu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali hilo, wala nyumbani wala ofisini.

Mzee wa Epsiloni: "Vyeti"? Kishikwambi, hakuna anayeteseka miaka mitano na topolojia kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani. Dada, nililenga mfumo, sikukulenga wewe.

Binti Laplace: Mfumo ni sisi tuliopita humo. Usiseme kwamba nyumbani hakuna kinachojengwa. EAUMP, mtandao wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ulioanza 2002, umeunganisha idara za hisabati za Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Rwanda kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Kinachotuua ni upweke. Unaweza kumaliza mwezi mzima bila kumpata mtu mmoja wa kusimama naye ubaoni.

Kishikwambi: Sikukutukana, dada. Mimi nimelelewa na bibi, mama akiwa Omani kazi za ndani. Aliporudi nilimpa shikamoo nikakimbilia nyuma ya bibi, sikumjua. Naongea kilichonikuta.

Binti Laplace: Pole sana. Wangu pia siku ya kwanza alikataa kubebwa.

Mwl. Tandika: Kokotoa, Marekani unaweza kwenda na familia. Wewe viza ya F-1, ya mwanafunzi; mwenza na mtoto F-2, ya wategemezi. Lakini mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, na wewe mwenyewe muhula ukiendelea mwisho saa 20 kwa wiki. Piga hesabu ya posho ya mtu mmoja ikilisha watatu na kulipa pango.

Kokotoa_Moro: Asanteni. Nilikuja na swali la hisabati, lakini jana sikulala kwa maneno ya Kishikwambi. Mume wangu ana gereji hapa Morogoro, vijana wanne wanamtegemea. Akiifunga akakae miaka mitano bila kazi? Bado sijamwambia kwamba barua zote mbili zimeshafika.

Binti Laplace: Mwambie wiki hii, mdogo wangu. Vyuo vingi vya Marekani vinataka jibu la nafasi yenye ufadhili ifikapo 15 Aprili. Na mwandikie msimamizi wa Uswidi umuulize: ukiwa nyumbani, mtazungumza kila wiki, au ni pale atakapopata nafasi?