Gitaa lina ufa mbele na daraja linabanduka: nianze na lipi?

Solo_Kavu: Wakuu, ni gitaa la nyuzi za chuma, ubao wa mbele ni sprusi (mbao laini jamii ya misonobari). Lina ufa wa sentimita 12 kutoka kwenye daraja (kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele) kwenda mkiani. Ukibonyeza kwa kidole unacheza. Daraja nalo limenyanyuka nyuma, karatasi inapenya milimita 4. Vanishi imejaa mikwaruzo. Nataka nipige msasa lote nipake upya. Kipi kitangulie?

Randa: Msasa weka pembeni kwanza, mkuu. Legeza nyuzi leo hii. Zote kwa pamoja huvuta kama kilo 70, na daraja lililoachia haliwezi kuhimili.

Ufa wa hivyo mara nyingi ni mbao kukauka. Lifungie kwenye kasha na sponji iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kifuko chenye matundu, unyevu wa hewa ufike 45 hadi 55%. Lipe wiki au zaidi, ufa utajifunga wenyewe kwa sehemu kubwa. Ndipo utie gundi ya mbao, huku ukibonyezabonyeza upande mmoja wa ufa ili izame. Futa iliyobaki kwa kitambaa chenye maji, bana. Supaglu usithubutu: inaingia kwenye sprusi inaacha doa.

Kwa ndani bandika viraka vya sprusi vya unene wa milimita 2, kimoja kila sentimita 4, mistari ya mbao yake ikikata ufa. Ukiilaza sambamba na ufa, kiraka kitapasuka nao.

Tone_la_Spiriti: Naongezea kwa Randa: kama ufa umeingia chini ya daraja, toa daraja kabla ya kuugundisha.

Na usichomeke gundi kwenye ule mwanya. Gundi mpya haishiki juu ya ya zamani. Pasha daraja moto, pitisha kisu chembamba butu taratibu, kisha kwangua pande zote hadi uione mbao. Chunguza kingo: viwandani huachwa vanishi chini yake, na hapo ndipo kubanduka huanzia. Bana saa 24.

Kuhusu vanishi, weka tone la spiriti mahali pasipoonekana. Ikilainika ni shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu). Ikigoma, jaribu thina ya laka. Ikilainika kwa thina huenda ni nitro (laka ya nitroselulosi). Ikigoma kote ni poliuretani au poliesta (vanishi za plastiki), hiyo ing'arishe tu. Ubao wa mbele una kama milimita 3, kila ukipiga msasa unaupunguza.

Solo_Kavu: Imelainika kwa spiriti. Shelaki naichanganyaje?

Tone_la_Spiriti: Gramu 25 za magamba ya shelaki kwa mililita 200 za spiriti isiyo na maji, ilale usiku kucha, chuja. Paka kwa kitambaa kilichofungwa pamba ndani, tabaka jembamba sana, bila kusimamisha mkono. Ukisimama, kinanata na kung'oa ulichopaka. Shelaki iliyoyeyushwa miezi mingi iliyopita haikauki vizuri, kwa hiyo dondoshea kioo kwanza. Kesho yake ukucha ukiacha alama, mwaga.