Ulinganisho: kufundisha na kusimamia tafiti za saikolojia ya kijeshi, Saldanha, London au kubaki Nairobi?

Mhadhiri wa Nairobi

Hamjambo wanajukwaa. Ninafundisha saikolojia ya ushauri nasaha katika chuo kikuu cha kiraia hapa Nairobi, na ni mwaka wa pili sasa tangu nihitimu shahada ya uzamivu. Katika muda huo nimesimamia tasnifu za maofisa wa jeshi wanaosoma jioni na mwisho wa juma, na kazi hiyo imeniingia moyoni kiasi kwamba ningependa iwe fani yangu ya kudumu. Nina njia tatu mbele yangu, na ninaomba mnisaidie kuzipima.

Ya kwanza ni kuomba kazi katika Kitivo cha Sayansi za Kijeshi cha Chuo Kikuu cha Stellenbosch, ambacho hakiko mjini Stellenbosch bali Saldanha, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Cape Town, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Afrika Kusini. Ya pili ni kutafuta nafasi ya utafiti King's College London, katika kituo chao kinachochunguza afya ya wanajeshi. Ya tatu ni kubaki nilipo, niendelee kusimamia maofisa wanaokuja kwetu, na pengine niombe vipindi katika Chuo Kikuu cha Ulinzi wa Taifa kule Lanet, Nakuru, ambacho bado ni kichanga kwa kuwa kilianzishwa mwaka 2021.

Mshahara si jambo linaloninyima usingizi. Linalonisumbua nitalieleza kwa tukio moja. Mwanafunzi wangu wa uzamili, ofisa mwenye cheo cha meja, aliniletea bahasha ya kaki yenye hojaji 120 zilizojazwa na askari waliorejea kutoka misheni. Nilipoanza kuzipitia niliona kwamba karibu zote zimejazwa kwa kalamu ya wino uleule wa buluu, na katika swali la kukosa usingizi alama ya tiki ilikuwa kwenye neno «kamwe», ukurasa baada ya ukurasa. Juu ya kila fomu, chini kidogo ya maneno ya kuahidi usiri, palikuwa na mstari wa kuandika namba ya jeshi. Nilipomuuliza ilivyokuwa, alinijibu kwa uaminifu kabisa kwamba aliwakusanya askari kwenye bwalo la chakula, akawagawia kalamu, kisha akasimama mbele yao mpaka wakamaliza. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Namba aliiweka kwa sababu jeshini kumbukumbu isiyo na namba haihesabiwi kuwa kumbukumbu.

Nilikataa data ile, na hadi leo mwanafunzi huyo yuko nyuma ya wenzake kwa muhula mzima. Swali langu basi ni hili: kati ya njia hizi tatu, ni ipi inayompa msimamizi uwezo wa kweli wa kumlinda askari anayejaza fomu, na wakati huohuo ikamwezesha ofisa mwanafunzi kuhitimu?

Afande Mstaafu

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nimelitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na habari ya hilo bwalo la chakula imenigusa kwa sababu nimewahi kuwa miongoni mwa waliokaa kwenye viti vile.

Tuliporudi kutoka misheni moja ya ulinzi wa amani tulipangwa mistari, na mtu aliyetumwa kutukagua akauliza kwa sauti iliyosikika hadi nyuma kama kuna mwenye tatizo lolote. Hakunyoosha mkono hata mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa na majuma kadhaa ya kulala kwa muda wa saa mbili au tatu tu kila usiku, nikishtuka kila geti la chuma lilipofungwa, lakini nilitazama mbele kama wenzangu. Nilikuwa na hesabu zangu: anayeandikwa kuwa ana shida hapelekwi misheni nyingine, na asiyepelekwa misheni hapati posho, nami nilikuwa na nyumba iliyofika kwenye linta. Wapo waliohofia kunyang'anywa silaha, na wapo waliohofia kupitwa na kozi ya kupandishwa cheo. Watafiti wengi wa kiraia huliita jambo hili aibu, na aibu ipo kweli, lakini kwa askari wa kawaida ni hesabu ya riziki kabla ya kuwa aibu.

Kwa hiyo ninakushauri ubaki, tena usogee karibu zaidi na taasisi za ulinzi za nchi yako. Mwanajeshi humpima anayemuuliza maswali, na akigundua kwamba hujui zamu ya lindo ya saa nane usiku inafananaje, atakujibu kwa adabu zote bila kukuambia kitu. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, na vijana waliokwenda wakati ule leo ni masajini na maofisa wa kati. Wao ndio watakaoamua kama wadogo wao wataruhusiwa kusema. Ukiwafundisha hao Lanet, unakuwa umefika mahali ambapo makala yako ya London haitafika.

Mtafiti wa London

Shikamoo Afande, na heshima zangu kwako Dada Mhadhiri. Ninasoma uzamivu hapa Uingereza katika eneo linalokaribiana na hili, kwa hiyo nitaizungumzia njia ya pili, uzuri wake na upungufu wake.

Alichokisema Afande kuhusu mkono usionyooshwa kimepimwa. Mwaka 2004 Hoge na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Iraq na Afghanistan, na wakaonyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na dalili za ugonjwa wa akili, ni asilimia 23 hadi 40 tu waliotafuta huduma. Mwaka 2011 Warner na wenzake walilinganisha majibu ya askari walewale katika fomu rasmi ya jeshi na katika fomu isiyo na jina, na walioripoti dalili kwenye fomu isiyo na jina walikuwa mara mbili hadi mara nne ya walioripoti kwenye ile rasmi. Dada, ule mstari wa namba ya jeshi ulioukuta kwenye fomu za mwanafunzi wako ndio tofauti yenyewe waliyoipima. Ulifanya sawasawa kuikataa data ile, na ninadhani ingefaa umweleze mwanafunzi kwamba kosa lake limewahi kufanywa na majeshi makubwa yenye fedha nyingi.

Kilichonivutia katika kituo cha King's ni kwamba watafiti wake ni wa chuo kikuu, ingawa sehemu kubwa ya fedha zao hutoka kwenye wizara ya ulinzi, na hata hivyo huchapisha matokeo yasiyopendeza. Mwaka 2017 walitoa kwenye jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililohusisha zaidi ya wanajeshi 10,000 waliorejea kutoka Afghanistan, na hawakuona kwamba kuwachuja kwa maswali na kuwapa ushauri unaolingana na majibu yao kulipunguza maradhi ya akili kuliko kuwapa ushauri wa jumla. Ni jambo zito kuliandika baada ya miaka ya kazi, na liliandikwa. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba dalili za kiwewe zilikuwa kwa takriban asilimia 6 ya waliochunguzwa, lakini kwa waliokwishaacha jeshi baada ya kupigana mstari wa mbele zilifikia asilimia 17. Takwimu ya pili isingepatikana kama wangehojiwa waliomo kambini peke yao.

Upungufu ni huu: ukija hapa utakuwa mtafiti wa mkataba wa miaka miwili au mitatu, utafundisha kidogo sana, na utasaidia kusimamia badala ya kusimamia. Data itakuwa ya Waingereza. Utajifunza namna ya kujenga uchunguzi unaowafuata watu walewale kwa miaka mingi, na ujuzi huo ni wa thamani, lakini umesema unachopenda ni kusimamia, na hicho ndicho utakachokikosa.

Mwalimu wa Mlimani

Nimefundisha kwa muda mrefu Dar es Salaam na nimewahi kuwa mtahini wa nje wa tasnifu za aina hii, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Kuhusu Saldanha, jambo la kwanza la kutazama ni aina ya saikolojia. Kule idara ni ya saikolojia ya viwanda, yaani uteuzi wa watu, uongozi, mshikamano wa kikosi, ari ya kazi. Huo ni mkondo wa zamani, maana mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, mwanasaikolojia Yerkes na wenzake walitunga mitihani ya kupima akili za askari, ya Alpha na Beta, huu wa pili ukiwa wa picha kwa ajili ya wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza, na walipimwa watu takriban milioni 1.7. Wewe, Mhadhiri, umelelewa katika ushauri nasaha. Afrika Kusini husajili wanasaikolojia kwa makundi, na kundi la ushauri nasaha si kundi la viwanda, kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya maombi uliza kama watakusajili, kwa kundi lipi, na kama nafasi yenyewe inahitaji usajili huo. Uliza pia mwajiri wako atakuwa nani hasa, chuo kikuu au wizara ya ulinzi, kwa sababu jibu hilo litakuambia ni nani atakayekuwa na neno la mwisho juu ya ulichokiandika.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote kwa mtu anayetaka kupanda kitaaluma. Hupandi kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi kwa tasnifu zilizofungiwa kabatini. Nimetahini tasnifu moja nzuri sana juu ya familia za wanajeshi walioko misheni, ambayo hadi leo haijatoka hata makala moja, kwa kuwa kibali cha awali hakikusema lolote kuhusu uchapishaji. Mwanafunzi alihitimu na kupandishwa cheo huko kwake, msimamizi akabaki na jina kwenye jalada. Kibali cha utafiti cha tume ya sayansi, yaani COSTECH huku kwetu au NACOSTI huko kwenu, hakitoshi peke yake. Lazima pawe na barua ya jeshi inayotaja wazi kwamba matokeo ya jumla, yasiyotaja kikosi wala kambi, yatachapishwa, na barua hiyo ipatikane kabla hojaji ya kwanza haijagawiwa.

Niongeze la lugha, ingawa hukuuliza. Vijana wengi hutafsiri hojaji za Kiingereza usiku mmoja. Kwetu Tanzania neno «sonona», yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, limeshazoeleka hospitalini, lakini askari aliyekulia Kisumu au Garissa huenda hajawahi kulisikia, naye ataweka tiki popote ili amalize. Msimamizi anayejua Kiswahili cha askari wake, na anayewauliza askari watano au sita wasome swali na waeleze wamelielewaje kabla ya kuligawa kwa mia moja, anafanya kazi ambayo hakuna mtu wa Saldanha wala London atakayeifanya kwa ajili yetu. Mimi ningebaki, kwa sharti la ile barua.

Ofisa Masomoni

Ninashukuru kwa mjadala huu. Mimi ni ofisa, ninaandika tasnifu yangu sasa, na naomba niseme kwa upande wa mwanafunzi. Jeshini nimezoea kwamba aliye juu yangu akitaka kitu, anakipata. Nilipomaliza kukusanya data, mkuu wangu alitaka kuona majibu ya kikosi chake, na sikujua namna ya kumkatalia. Msimamizi wangu, mama wa kiraia ambaye hajawahi kuvaa buti, alikuwa ametaka tangu mwanzo data ghafi zitunzwe chuoni na si kwangu. Kwa hiyo nilimjibu mkuu kwa ukweli kabisa kwamba sinazo. Alikasirika kidogo, kisha yakaisha. Afande, kwa heshima zote, mtu wa sare asingeweza kunipa kinga hiyo, kwa sababu naye ana wa juu yake.

Afande Mstaafu

Ofisa, hilo nimelikubali. Nilikuwa nikiangalia ni nani atakayeaminiwa na askari, sikuangalia ni nani atakayeweza kumkatalia kanali. Basi Mwalimu abaki raia, lakini aende kambini mara kwa mara mpaka azoeleke.

Mhadhiri wa Nairobi

Nawashukuru nyote, na hasa Afande kwa kutueleza habari ya nyumba iliyofika kwenye linta, ambayo kwa ruhusa yako ningependa kuwasimulia wanafunzi wangu bila kukutaja.

Saldanha nimeiweka kando. Nilidhani saikolojia ya kijeshi ni moja, kumbe ningekwenda kufundisha uteuzi na uongozi ilhali kinachonivuta ni mtu aliyerudi na hapati usingizi. London sitaiomba kama ajira, ila nitawaandikia kuuliza kama wanapokea wageni kwa miezi michache, ili nijifunze namna ya kuwafuatilia watu baada ya kuacha jeshi, maana katika tasnifu zote nilizosimamia hakuna hata moja iliyomhoji aliyekwisha kuvua sare. Lanet nitaomba vipindi vya muda tu, na ajira yangu ibaki chuo cha kiraia, kwa sababu aliyoitoa Ofisa.

Kuhusu meja wangu, tumekubaliana aanze upya. Namba ya jeshi imeondolewa. Maswali matatu yametafsiriwa tena baada ya askari sita kutueleza walivyoyaelewa. Barua ya kibali inaandikwa upya ikiwa na aya ya uchapishaji, na fomu zitagawiwa na msaidizi wangu, ambaye ni raia, meja akiwa hayupo kambini siku hiyo. Kila askari ataondoka na fomu yake, aijaze anapotaka, na aitumbukize kwenye sanduku la mbao lenye kufuli litakalowekwa karibu na lango la zahanati, ambako watu hupita kwa sababu nyingi na hakuna anayehesabu nani amesimama. Ufunguo nitakaa nao mimi. Fundi ameniambia sanduku litakuwa tayari Jumatatu, na nimemwomba tundu la juu alifanye jembamba, mkono usiingie.